Kioo Kichafu Chenye Kiliona Vizuri: Historia Fupi ya Kupanguza Objektifu

Leo tuongee juu ya kitu kidogo chenye wengi wetu tunagusa kila siku bila kufikiri: kile kioo cha mbele cha aparei ya picha, wafotografe wetu wanakiita objektifu, wengine lensi. Siku ya kolasyo fotografe anafika, anaona vumbi juu ya kioo, anavuta pembe ya shati, anapanguza kwa nguvu, anaanza kazi. Hakuna mtu anashangaa. Kumbe tendo hilo la sekunde tatu liko na historia ya zaidi ya miaka 130, na ndani yake muko mfalme, muko vita, muko sabuni, muko kuvu, na muko hata jiwe lenye linachimbwa hapa kwetu Kivu.

Twende kwanza York, kaskazini ya Uingereza, mwaka 1892. Kulikuwa pale kampuni T. Cooke & Sons, iliyotengeneza darubini za kutazamia nyota. Mkubwa wa kazi ya vioo alikuwa Harold Dennis Taylor. Wakati ule watu wote wa kazi hiyo walijua ugonjwa mmoja wa vioo: kioo kikikaa miaka mingi katika hewa na unyevu, kinapata kama kivuli juu yake, rangi ya zambarau au buluu au kahawia, sawa vile petroli inavyofanya juu ya maji ya mvua. Mwenye darubini anaona aibu. Anatafuta fundi wa kukisugua mpaka kirudi kuwa cheupe kama siku ya kwanza.

Taylor aliangalia vizuri akakuta kinyume. Lensi yenye ilikuwa na ule ugonjwa ilipitisha mwanga mwingi kuliko lensi mpya safi. Kitu chenye watu walilipa pesa kukiondoa kilikuwa kinawasaidia.

Kwa nini? Mwanga ukigonga kioo hauingii wote. Kila uso wa kioo wenye unagusana na hewa unarudisha karibu 4% ya mwanga. Simama usiku mbele ya dirisha na taa nyuma yako, utajiona mwenyewe: ile sura yako ni hiyo asilimia. Sasa, juu ya uso wa lensi ya zamani, unyevu na asidi za hewa zilikuwa zimenyonya sehemu ya madini ya kioo, zikaacha tabaka jembamba lenye matundu madogo-madogo, jepesi kuliko kioo chenyewe. Mwanga ukipita hewani ukakuta tabaka la katikati mbele ya kufika kwenye kioo kizima, hashtuki sana. Kidogo tu kinarudi. Lord Rayleigh, mwanafizika mwingine Mwingereza, alikuwa ameona jambo kama hili mwaka 1886. Tofauti ni kwamba Taylor alikuwa mtu wa karakana, akajiuliza: kama uzee unafanya kioo kione vizuri, siwezi kukizeesha mwenyewe? Mwaka 1904 alipata hati ya uvumbuzi ya kuzeesha vioo kwa asidi. Haikufaulu sana. Kila aina ya kioo ilijibu asidi kwa namna yake, leo inakubali, kesho inaharibika. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa.

Sitaki tupite haraka hapa, juu ya jambo moja linaniuma. Kati ya ile miaka na wakati wengine walielewa, ni lensi ngapi zilisuguliwa na watu wenye bidii, wakifikiri wanasafisha? Hatuwezi kuhesabu. Usafi nao uko na wajinga wake.

Mwaka huo huo wa 1904 unatuleta nyumbani. Mwezi wa Mei, kwenye misheni ya Baringa, ndani ya eneo lenye kampuni ABIR ilikuwa inakamua mpira kwa damu, baba mmoja jina lake Nsala, mtu wa Wala, alifika na mkono na mguu wa binti yake mdogo, vimefungwa ndani ya majani. Mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimwomba akae barazani, akapiga picha. Wengi wetu tumeiona picha hiyo, hata kama hatukujua jina la mwenye aliipiga. Ilichapishwa Ulaya, ikaonyeshwa kwa taa za kurushia picha ukutani katika makanisa na majumba ya mikutano ya Uingereza na Marekani. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kitabu kidogo cha dhihaka juu ya Leopold wa Pili, na ndani yake mfalme anailalamikia aparei ya Kodak kama adui ambaye pesa haimnyamazishi.

Kuko mwingine tunamsahau sana. Herzekiah Andrew Shanu alizaliwa Lagos mwaka 1858, akaingia Kongo mwaka 1884 kufanya kazi ya serikali, halafu akaacha, akafungua biashara zake Boma. Alikuwa fotografe mzuri. Picha zake zilitoka ndani ya gazeti Le Congo illustré huko Ubelgiji. Mwanzoni wakubwa walimpenda. Lakini alipoanza kupitisha habari za ukatili kwa watu wa Congo Reform Association, wakamjua, na wafanyakazi wa serikali wakaagizwa wasinunue tena kitu kwake. Biashara ikakauka. Julai 1905 alijiua.

Ninawaleta hawa wawili juu ya sababu moja ya kawaida kabisa. Lensi za siku zao hazikuwa na utando wowote. Zilikuwa kioo kitupu. Na walifanya kazi fasi mbaya kabisa kwa kioo: msitu wa Ekwateri na bandari ya Boma, joto na unyevu mwaka mzima, jasho, wadudu, vumbi la msimu wa kiangazi. Kama kioo kingefunikwa na alama za vidole au ukungu wa pumzi, ile picha ya Baringa ingekuwa doa la kijivu, na wakubwa wa Brussels wangesema haionekani kitu. Ushahidi ulitegemea moyo wa kupiga picha, ni kweli. Ulitegemea tena kitambaa kikavu.

Sasa hesabu kidogo, wenye kusoma fizikia mtanisamehe. Ukipoteza 4% kwa kila uso, lensi yenye nyuso nne inapitisha 85% hivi. Hiyo inavumilika, njo maana watengenezaji wa zamani walipenda lensi za vioo vichache, au waligundisha vioo viwili pamoja ili nyuso za hewa zipungue. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kampuni Zeiss, Jena, Ujerumani, alichora lensi yenye aliita Planar. Kwa hesabu za karatasi ilikuwa nzuri kabisa. Lakini ilikuwa na nyuso nane za hewa: mwanga wa 28% unapotea njiani. Na mwanga huo haufi. Unagonga hapa, unarudi kule, unadunda ndani ya bomba la lensi, mwisho unaanguka juu ya picha kama pazia jeupe. Kivuli cheusi kinakuwa kijivu. Planar ilikaa karibu miaka 40 ikisubiri mtu wa kuisaidia, na wapiga picha wakabaki na lensi rahisi zaidi.

Huyo mtu alitokea palepale Zeiss. Oleksandr Smakula, Ulaya wanaandika Alexander, alizaliwa mwaka 1900 katika kijiji cha wakulima chenye leo kiko Ukraine, akasoma Göttingen, akaajiriwa Jena. Mwaka 1935 aliandikisha njia mpya. Hakukula kioo kwa asidi kama Taylor. Aliweka kioo ndani ya chombo chenye hewa yote imetolewa, akapasha moto chumvi ya florini mpaka ikawa mvuke, na mvuke ukatua juu ya kioo kama umande. Marekani nako, mwaka 1936, John Strong wa California alifanya jambo la namna hiyo. Utando wenyewe lazima uwe na unene wa robo ya wimbi la mwanga, kusudi mwanga wenye unarudi kutoka juu ya utando na ule wenye unarudi kutoka chini yake uuane. Kwa mwanga wa kijani na utando wa florini ya magnesi, unene huo ni nanomita 100 hivi. Unywele wa mtu unaweza kuwa mnene mara 700 kuliko huo. Na faida? Ile 4% inashuka mpaka 1.3%. Jeshi la Ujerumani lilielewa haraka: darubini yenye inaona magharibi wakati jua limezama ni silaha. Wakaificha kama siri ya vita.

Wakati ule ule Marekani kulikuwa mwanamke mmoja, na dada zetu wa sayansi wamjue. Katharine Blodgett alikuwa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizika Cambridge, mwaka 1926, na alifanya kazi katika labo ya General Electric, mji wa Schenectady. Mwaka 1938 ilitangazwa kwamba ametengeneza kioo chenye hakionekani. Njia yake inashangaza: alizamisha kioo ndani ya maji yenye ngozi nyembamba ya stearati ya bari, akakitoa, akakizamisha tena, mpaka tabaka 44, kila moja unene wa molekuli moja. Hiyo stearati ni sabuni. Ndiyo, ni sabuni ya madini. Mama alipaka sabuni juu ya kioo mara 44 na kioo kikaacha kurudisha mwanga.

Shida yake mnaiona tayari. Sabuni haivumilii kitambaa. Mtu akipanguza mara moja kwa kidole, kazi yote imekwisha.

Hapa njo historia ya kupanguza inapogeuka. Mbele ya utando, mwenye alisugua kioo kwa nguvu aliharibu kioo tu, na kioo ni kigumu kiasi. Baada ya utando, anaharibu kitu chenye hakioni. Tando za kwanza za florini nazo zilikuwa laini; kampuni zingine ziliweka utando juu ya nyuso za ndani tu, fasi yenye kidole cha mteja hakifiki. Na hata kabla ya utando kulikuwa vioo laini: lensi Summar ya Leica, iliyotoka mwaka 1933, kioo chake cha mbele ni laini sana, na leo ni shida kuipata moja yenye haina mikwaruzo ya vitambaa ya miaka ile. Wenyewe hawakuianguisha. Waliipenda, wakaipanguza kila jioni.

Suluhisho lilikuja wakati wa vita, huko Marekani: ukipasha moto kioo chenyewe wakati florini ya magnesi inatua, utando unashika na kuwa mgumu. Ugumu huo unatosha kwa kitambaa safi. Kwa mchanga hautoshi, na hapo tutarudi.

Vita ile ilifundisha somo lingine, na hili linatuhusu sisi wa nchi za mvua kuliko mtu yeyote. Majeshi ya Marekani na Australia yalipoingia Papua na visiwa vya Pasifiki, darubini zao zilianza kupofuka. Ndani ya lensi kulimea nyuzi kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu, ile wengine tunaita shampinyo. Mbegu zake ziko hewani kila fasi. Zinangoja tu unyevu, joto, giza na chakula kidogo. Chakula ni nini juu ya kioo? Mafuta ya kidole chako, vumbi, gundi yenye inashika vioo, kipande cha mdudu mdogo. Ikila, inatoa asidi, na asidi inachora utando, halafu kioo chenyewe. Wanasayansi wa Australia, kati yao watu wa botania wa Chuo Kikuu cha Melbourne, walifanya utafiti, wakajaribu dawa yenye zebaki ndani ya rangi ya mabomba ya lensi. Leo hakuna mtu wa nyumbani ataweka zebaki katika aparei yake, na asifanye hivyo. Lakini somo la msingi halijabadilika: alama ya kidole unayoiacha leo ni sahani ya chakula ya kuvu ya mwezi ujao. Ile kesi nzuri ya ngozi, yenye fundo la shaba, watu wanaipenda sana. Kwa kuvu ni nyumba, juu ngozi inanywa unyevu na kuutunza. Wazee wa kazi katika nchi za joto walikuwa wanakaanga mchele mpaka unageuka kahawia, wanaufunga ndani ya kitambaa, wanauweka katika sanduku la bati pamoja na aparei ili unywe unyevu. Kazi ile ile leo inafanywa na vile vifuko vidogo vya silika vyenye unakuta ndani ya sanduku la viatu vipya. Usivitupe.

Baada ya vita utando ukaingia katika aparei za watu wa kawaida. Ile Planar ya zamani ikafufuka. Mpaka leo lensi nyingi za milimita 50 zenye mnaona sokoni ni wajukuu wake. Na Kongo ikaanza kujipiga picha yenyewe. Jean Depara, mzaliwa wa Angola wa mwaka 1928, alinunua aparei ndogo ya Adox kwa ajili ya ndoa yake mwaka 1950. Alipofika Léopoldville alijipatia riziki kwa kutengeneza baiskeli, saa na aparei za picha, mbele ya kuwa fotografe wa Franco na wa usiku wa Kinshasa. Mimi ninapoangalia picha zake za bara na vilabu, weusi wake mzito na taa zenye hazimwagiki ovyo, ninaona tena mkono wa mtu mwenye alikuwa amefungua aparei za wengine na kujua ndani kunakaa nini. Hilo ni wazo langu, mtu anaweza kukataa.

Kutoka mwaka 1971, Wajapani wa Pentax wakaanza kuuza lensi zenye tabaka nyingi za utando, na Zeiss ikafuata. Florini peke yake inafukuza vizuri rangi moja. Tabaka nyingi, moja nzito moja nyepesi, zinafukuza karibu rangi zote. Bila hizo, lensi za zumu za leo zisingekuwapo. Chukua lensi yenye nyuso 24 za hewa: kwa kioo kitupu ingepitisha 38% tu ya mwanga, na ingine yote ingekuwa inazunguka ndani kama wateja wa benki siku ya mshahara.

Na hapa njo lile jiwe. Kwa tabaka nzito, madini moja yenye inatumika ni oksidi ya tantali. Tantali inatoka ndani ya koltani. Wanaposema koltani sisi tunafikiri telefone, na ni haki, juu sehemu kubwa inaingia katika vifaa vya umeme. Lakini tantali iliingia katika vioo zamani: tangu miaka ya 1930 Marekani ilikuwa inajaribu vioo vya lensi vyenye lantani na tantali ndani, vyenye vinapinda mwanga sana bila kuwa vinene. Siwezi kukuambia kama ile rangi ya kijani na zambarau juu ya objektifu yako ilipita Rubaya. Hakuna alama. Inawezekana fotografe wa Masisi anapanguza kwa shati lake kipande cha mlima wa kwao, chenye kilitoka ndani ya gunia mgongoni kwa mtu na kikarudi kwa bei ya dolari mia tano.

Tufike kwa mkono sasa, juu nimeona wadogo zetu wengi wanajitegemea kwa aparei: ndoa, dote, kolasyo, video za kanisa. Kwa wengi lensi ni mali ya bei kuliko kitu chochote ndani ya chumba.

Adui wa kwanza ni vumbi, na vumbi si sawa kila fasi. Vumbi jekundu la Katanga wakati wa kiangazi liko na chembe za kwazi. Kwazi katika kipimo cha ugumu cha Mohs iko 7. Kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Goma kuko unga wa lava: jiwe na kioo cha volkano vilivyosagwa na magurudumu, chembe zenye kingo kali. Baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021 hewa yote ilikuwa na hiyo kitu. Sasa shati la pamba, hata lenye limefuliwa asubuhi, saa sita limeshika chembe hizo. Unapopanguza nalo unapiga msasa. Njo maana neno la kwanza ni kupuliza, na kitambaa kinakuja nyuma sana. Tumia pampu ndogo ya mpira ya wafotografe. Huna? Ile pwari ya mpira ya farmasi inafanya kazi, basi inunue mpya na uikaushe vizuri. Msicheke, niko serieux. Geuza kioo kiangalie chini, puliza, acha vumbi lianguke lenyewe. Usipeleke lensi kwa kwado akupulizie na kompresa yake ya matairi: mle muko maji na mafuta, na nguvu yake inasukuma uchafu ndani ya bomba.

Mara nyingi baada ya kupuliza kazi imekwisha. Chembe mbili tatu za vumbi juu ya kioo cha mbele hazionekani katika picha, hata mkwaruzo mmoja mdogo hauonekani. Hili watu wanakataa kuliamini. Kinachoharibu picha ni mafuta yaliyotandazwa: kidole, jasho, mvuke wa jikoni. Hayo yanatawanya mwanga, na ukipiga mtu mwenye amesimama mbele ya dirisha, uso wake unaosha na kuwa kama maziwa. Basi kama kuko doa la mafuta, panguza. Kama kuko vumbi tu, puliza na uache. Mwenye anapanguza lensi kila siku atailiza kuliko mwenye anaipanguza mara moja kwa mwezi.

Ukipanguza, tumia kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, kile Wajapani wa Toray walileta sokoni miaka ya 1980 kwa miwani na lensi. Nyuzi zake zinachukua mafuta badala ya kuyasukuma kutoka huku kwenda kule. Kifue na sabuni ya kawaida bila dawa ya kulainisha nguo, kikaushe fasi haina vumbi, kitunze ndani ya kifuko. Kitambaa chenye kilianguka chini si kitambaa tena mpaka kifuliwe. Anza katikati, zunguka polepole kwenda pembeni, bila kukandamiza. Dawa ya maji inadondoka juu ya kitambaa, hapana juu ya kioo, juu tone likifika ukingoni linaingia ndani na huko halitoki. Pumzi yako ya kawaida inatosha kwa doa dogo; mate hayatoshi kwa kitu chochote.

Juu ya dawa zenyewe nimesikia kila kitu. Petroli inaacha mafuta. Dawa ya meno ni msasa laini, iliundwa kusugua. Dawa ya vioo vya madirisha mara nyingi iko na amonia, haifai kwa tando zingine. Asetoni inayeyusha plastiki ya pembeni na rangi. Jeli ya mikono yenye tulizoea tangu Ebola na Covid iko na gliserini, itakuachia utelezi mbaya kuliko doa la kwanza. Kama lazima, alkoli safi ya isopropili, matone mawili, juu ya kitambaa. Basi.

Na kuvu? Chukua taa ndogo ya telefone, iangaze kupitia lensi kutoka nyuma, fungua tundu lake lote, angalia kwa mshazari. Ukiona nyuzi kama matawi ya mti mkavu ndani, usinunue, hata muuzaji akikuapia kwa mama yake. Ndani hakupanguzwi na kitambaa. Lazima fundi afungue, na kama asidi imekwisha kuchora, ule mchoro unabaki. Lensi yako mwenyewe yenye bado nzima inataka mambo matatu: ukavu, hewa, na kutumiwa. Ile yenye inakaa kabatini miezi sita Bukavu wakati wa mvua, ndani ya kesi yake ya ngozi, imeshasalimiwa na kuvu.

Smakula alikufa Marekani mwaka 1983. Baada ya vita alipelekwa kule, akafundisha MIT. Kijiji chake Ukraine kinamkumbuka. Wafotografe wengi hawajui jina lake. Ukishika aparei leo jioni, iinamishe kidogo chini ya taa ya chumba: ile taa ndogo ya kijani na zambarau yenye inalala juu ya kioo ndiyo mwanga wote wenye ameshindwa kuuzuia.